PADI, SSI, CMAS, BSAC, NAUI: nianze na lipi, na mafunzo yanatofautiana wapi hasa?

Mwambao_Tanga:

Wakuu, habari za humu ndani. Nataka kujifunza kuzamia kwa mtungi, na huko mbele nifanye kazi ya kuongoza wageni, iwe Zanzibar, Pemba, Mafia au Diani. Kuogelea najua vizuri. Kinachonichanganya ni haya mashirika ya vyeti. Vituo vingi vya pwani vina bango la PADI au SSI, vingine vina yote mawili. Nikisoma zaidi nakutana na CMAS, BSAC, NAUI, SDI, RAID na GUE, na kila upande unadai wenzao wanagawa kadi tu.

Je, vyeti hivi vina uzito sawa? Mafunzo yanatofautiana wapi mkiwa ndani ya maji, achana na matangazo? Na nikianza na shirika moja halafu kituo kitakachoniajiri kiwe cha jingine, nitarudia kila kitu? Naomba msaada kabla sijalipa.

Nahodha_wa_Kusi:

Karibu ndugu yangu. Nianze na uzito wa vyeti, maana hapo ndipo watu wanapotezwa.

Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 24801, na kina sehemu tatu. Ya kwanza ni mzamiaji anayesimamiwa, mwisho mita 12, na lazima awe na kiongozi. Ya pili ni mzamiaji anayejitegemea akiwa na mwenzake, mwisho mita 20. Ya tatu ni kiongozi wa mbizi. Open Water Diver ya PADI, ya SSI na ya SDI zote ziko kwenye sehemu ya pili, ingawa yenyewe yanakuwekea mpaka wa mita 18. Ukiwa na kadi ya mojawapo, kituo cha jingine kitakupokea kwenye kozi inayofuata bila kukurudisha darasa la kwanza. Kwa hiyo hilo swali la kurudia lisikunyime usingizi katika ngazi za chini.

Unachopaswa kukiangalia kwa makini ni jina kamili la kozi kwenye risiti. Kuna kozi inaitwa Scuba Diver, PADI wanayo na SSI wanayo. Hiyo ni ya mita 12 chini ya kiongozi, yaani sehemu ya kwanza ya ISO, na mara nyingi huuzwa kama "kozi fupi ya siku mbili". Mtu anarudi nyumbani akidhani ana Open Water. Na ile ya kujaribu tu, Discover Scuba Diving, haitoi cheti cha kuzamia hata kidogo.

Sasa mafunzo. Ukijua mashirika yalitoka wapi, utaelewa kwa nini yanafundisha yanavyofundisha. BSAC ilianza Uingereza 1953, na CMAS iliundwa Monaco 1959, rais wake wa kwanza akiwa Jacques Cousteau. Hizi zilikulia kwenye klabu: watu wale wale wanakutana kila wiki, wanazamia kwenye maji baridi yenye giza, na anayefundisha hana haraka ya kukukabidhi kadi Ijumaa. NAUI ilianza Marekani 1960. PADI ikafuata 1966, na waanzilishi wake, John Cronin na Ralph Erickson, mmoja alikuwa muuzaji wa vifaa vya kuzamia na mwingine mwalimu wa kuogelea. SSI ni ya 1970. PADI waliigawa ile kozi ndefu ya zamani vipande vifupi: msingi kwanza, kina baadaye, uokoaji kwenye kozi yake. Faida yake ni kwamba mtu wa kawaida anaweza kuanza. Hasara yake ni kwamba anaweza kuishia kipande cha kwanza na asijue kabisa kumvuta mwenzake aliyezimia.

Open Water ya PADI ina sehemu 5 za nadharia, mbizi 5 za maji yaliyofungika, yaani bwawani au pembeni mwa fukwe tulivu, na mbizi 4 za baharini zinazogawanywa kwa siku zisizopungua 2. Unaogelea mita 200 bila kusimama na bila kupigiwa saa, au mita 300 ukiwa na miwani, mapezi na mrija. Unaelea dakika 10. Mwalimu haruhusiwi kukutilia saini zoezi ulilobahatisha mara moja. Unatakiwa ulifanye bila taharuki na uweze kulirudia. SSI maudhui yake yanakaribiana sana na haya, ila mwalimu ana uhuru zaidi wa kupanga zoezi gani litangulie. NAUI inampa mwalimu mamlaka zaidi: anaweza kuongeza masharti yake juu ya yale ya shirika na kukunyima cheti usipoyatimiza. Mwalimu wa PADI akishaona umetimiza viwango, hawezi kukuzuia kwa sharti alilojitungia.

Tofauti nyingine ni ya kibiashara lakini itakugusa. Mwalimu wa SSI lazima afundishe kupitia kituo kilichosajiliwa na SSI. Mwalimu wa PADI anaweza kujitegemea, bila duka wala mashua yake mwenyewe. Kwa hiyo ukikutana na mtu ufukweni anasema yeye ni PADI, ingiza namba yake ya uanachama kwenye ukurasa wa Pro Check wa PADI, uone kama uanachama uko hai na kama anaruhusiwa kufundisha. Kuna wenye namba halali ambao ni daivumasta tu, yaani viongozi wa mbizi, na daivumasta hafundishi Open Water.

Bi_Kisite:

Nahodha ameeleza vizuri. Mimi niongezee kinachoonekana ndani ya maji, kwa sababu hapo bango halisaidii.

Tazama magoti. Mwalimu wa mtindo wa zamani anawapigisha wanafunzi magoti kwenye mchanga, kila mmoja amefungwa risasi, yaani vipande vya uzito wa kuzamisha, za kilo nane au kumi ili asinyanyuke, halafu mazoezi yote yanafanyika hapo: kutoa maji kwenye miwani, kuitafuta regulata (kifaa cha kupumulia) iliyotoka mdomoni, kugawana hewa. Picha inapendeza. Lakini siku ya mbizi ya kweli hakuna mchanga wa kupigia magoti, kuna matumbawe, kuna mkondo, na mwanafunzi hajawahi kufanya lolote kati ya hayo akiwa ananing'inia.

Na zile risasi za ziada zina hatari yake. Kila kilo moja isiyohitajika inadai lita moja ya hewa ndani ya jaketi la kuelea ili usizame. Chukua kilo 4 za ziada ukiwa mita 10. Una lita 4 za hewa ya kufidia, na shinikizo hapo ni bar 2. Ukipanda hadi mita 5, shinikizo linashuka hadi bar 1.5, na zile lita 4 zinakuwa zaidi ya 5.3. Umeongezewa mnyanyuo wa kilo moja na kitu bila kugusa kitufe chochote, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopandishwa. Mgeni anayeruka juu kama boya mwishoni mwa mbizi, mara nyingi sababu ni hiyo. Alikuwa na risasi nyingi, siyo chache.

GUE wanakufundisha toka mwanzo ukiwa umelala sambamba na sakafu ya bahari, huzami wala hupandi, na wewe na mwenzako mna vifaa vya mpangilio mmoja. RAID nao wanasisitiza hivyo hivyo. Upande wa PADI, marekebisho ya Open Water yaliyotoka 2014 yaliongeza mazoezi ya kuning'inia, ya kuangusha risasi kwa dharura na ya kurekebisha mkanda wa mtungi uliolegea, na hakuna kanuni inayomlazimisha mwalimu kutumia magoti. Ukiona mwalimu wa PADI au SSI anafundisha wanafunzi wakiwa wananing'inia, yuko ndani ya kanuni kabisa na anafanya kazi nzuri. Ukiona wamepiga magoti siku zote nne, huyo amechagua njia rahisi kwake.

Mwambie akupime risasi mbele yako. Inafanyika hivi. Ingia kwenye maji usiyoweza kusimama, ukiwa na vifaa vyote, toa hewa yote kwenye jaketi, vuta pumzi ya kawaida uishike kidogo, usipige mapezi. Maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uanze kuzama taratibu. Mitungi yetu mingi hapa pwani ni ya alumini ya lita 11.1. Ikijaa ina hewa ya kilo 2.7 hivi ndani yake, na ikiisha inakuwa nyepesi hadi inataka kuelea. Kwa hiyo ukipima mtungi ukiwa umejaa, ongeza kilo 2. Bila hivyo utashindwa kusimama mita 5 mwishoni, pale unapotulia kidogo kabla ya kutoka majini. Njia bora zaidi ni kupima mwishoni mwa mbizi ukiwa umebakiwa na bar 50 mtungini.

Zoezi la miwani nalo litakuonyesha mwalimu wako ni nani. Wanafunzi wengi wanakwama hapo, na sababu ni moja: wakishaingiwa na maji puani wanavuta pumzi kwa pua badala ya mdomo, wanapaliwa, halafu wanataka kukimbilia juu huku wamebana pumzi. Kubana pumzi ukipanda hata mita moja na kidogo kunaweza kuchana mapafu. Mwalimu makini anaanza na kupumua kwenye regulata uso ukiwa majini bila miwani, kwenye maji ya kiunoni, mpaka pua isahau. Kisha robo ya miwani, kisha nusu, kisha nzima. Asiye makini anakupeleka mita 6 na kukuonyesha ishara ya "jaza miwani" hapo hapo. Kwenye karatasi za shirika, hao wawili ni walimu sawa.

Uliza pia mtakuwa wangapi. Viwango vya PADI vinaruhusu wanafunzi 8 kwa mwalimu mmoja kwenye mbizi za baharini. Mwonekano ukiwa mita 30 wakati wa kaskazi, labda. Baada ya mvua za masika, bamvua linavuta, unaona mita 6, wanafunzi wanne tayari ni wengi. Nenda ukatazame somo moja la bwawani kabla hujalipa. Kituo kisichotaka utazame kimekujibu.

Baharia_Muscat:

Assalaam alaykum. Mmesema vizuri, ila mimi sikubali kwamba shirika si kitu na mwalimu ndiye kila kitu. Mtaala unaamua mwanafunzi wa kawaida wa mwalimu wa kawaida atatoka na nini, na hapo tofauti zipo.

BSAC: Ocean Diver wa ngazi ya kwanza anatoka akiwa na mita 20 na ameshafundishwa nitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) ndani ya kozi hiyo hiyo. PADI na SSI nitroksi ni kozi ya pembeni, unalipa tena. Na kwenye BSAC uokoaji umetapakaa ngazi zote; hausubiri kozi yenye jina lake.

CMAS ni shirikisho la mashirikisho, na nyota zake zinatafsiriwa na kila nchi kwa sheria zake. Mfano wa karibu nasi ni Mayotte, ambako sheria ya Ufaransa inafuatwa. Huko ngazi ya 1 ni mita 20 ukiwa na kiongozi. Ngazi ya 2 ni mita 20 mkijitegemea, au mita 40 mkiwa na kiongozi. Ngazi ya 3 ni mita 60. Mtu wa ngazi ya 1 akija Pemba, kituo kikadhani anajitegemea kama Open Water, kimekosea. Na Open Water akienda Mayotte anaweza kuambiwa azamie na kiongozi. Kadi inakubalika pande zote mbili, ila ruhusa zake hazilingani.

Hata kasi ya kupanda haifanani. PADI mwisho ni mita 18 kwa dakika. BSAC wanasema 15 hadi ufike mita 6, halafu mita 6 za mwisho zichukue dakika nzima. SSI na GUE 9. Mkiwa wawili mmesoma sehemu tofauti, kubalianeni kwenye mashua mtatumia kasi gani. Chagueni ya polepole.

Lakini jambo linaloniudhi kwenye kozi za likizo ni hesabu ya hewa. Mwanafunzi anaambiwa "rudi juu na bar 50" na hakuna anayemweleza bar 50 inatosha nini. Tuhesabu. Mko mita 18, mwenzako hewa imekatika, mnagawana mtungi wako wa lita 11.1. Mtu mwenye hofu anavuta lita 30 kwa dakika kwa kipimo cha juu ya maji, na ninyi ni wawili.

Dakika 1 ya kutulia na kupeana regulata, mita 18, bar 2.8: 2 × 30 × 2.8 = lita 168.
Kupanda kwa mita 9 kwa dakika, dakika 2, wastani bar 1.9: 2 × 30 × 1.9 × 2 = lita 228.
Kusimama mita 5 dakika 3, bar 1.5: 2 × 30 × 1.5 × 3 = lita 270.

Jumla lita 666. Gawa kwa 11.1 unapata bar 60. Kwa hiyo ukiwa mita 18 na geji inasoma 50, tayari umekula hewa ya mwenzako. Ukiacha kusimama mita 5 inabaki lita 396, yaani bar 36, na mtafika juu salama zaidi kuliko kukosa hewa njiani, lakini hesabu hiyo inatakiwa ifanyike juu ya mashua. GUE hesabu hii ni somo la lazima. PADI waliingiza upangaji wa hewa kwenye marekebisho yale ya 2014, ila ninaona walimu wengi wanaupitia mbio. Mwambao, mwalimu wako akikufundisha vingine vyote akaacha hiki, mwombe.

Mwambao_Tanga:

Asanteni sana wakuu, nimepata mwanga. Klabu hapa kwangu haipo, kwa hiyo naona ni PADI au SSI. Bi Kisite, nitaenda kutazama somo kwanza. Sasa upande wa kazi: nikitaka kufika daivumasta, njia zake zikoje, na hapo kuhama shirika ni rahisi kama huku chini?

Daivu_Nungwi:

Mkuu, kwa PADI ngazi ni hizi: Open Water, kisha Advanced yenye mbizi 5, ambapo ya kina na ya dira ni za lazima, na hapo unaruhusiwa mita 30. Kisha huduma ya kwanza na Rescue Diver. Kisha Divemaster: umri miaka 18, mbizi 40 kwenye daftari ili uanze na 60 ili upewe cheti, na karatasi ya daktari isiyozidi miezi 12. Andika daftari lako toka siku ya kwanza, na sahihi za watu wanaoweza kupigiwa simu.

Wengi wanadharau mitihani ya maji halafu inawatoa jasho. Kuogelea mita 400 bila vifaa. Kuelea dakika 15, mbili za mwisho mikono ikiwa juu ya maji. Mita 800 kwa miwani, mrija na mapezi. Kumvuta mzamiaji mwenye vifaa kamili mita 100. Zinatolewa alama 1 hadi 5. Kwenye mita 400, chini ya dakika 6 na nusu ndiyo 5, na ukizidi dakika 13 ni 1. Vijana wetu waliokulia baharini wana nguvu, ila wengi wanaogelea kichwa juu na mguu unazama. Rekebisha pumzi ya pembeni miezi miwili kabla. Kuna pia zoezi la kubadilishana vifaa vyote na mwenzako chini ya maji mkitumia regulata moja, na linaangusha watu wenye mabavu wasio na utulivu.

SSI wameigawa ngazi hii mara mbili, na hapa uwe macho. Dive Guide anaongoza watu wenye vyeti, basi. Ukiongeza kozi ya Science of Diving unakuwa Divemaster, na hapo unaweza kumsaidia mwalimu kwenye kozi. Tangazo la kazi likisema Divemaster na wewe una Dive Guide, hamjakutana.

Kuhama: ngazi za chini ni rahisi kama ulivyoambiwa. Ukishakuwa daivumasta au mwalimu, kuhama kunadai kozi ya kuvukia, ada na kujifunza kanuni za upande wa pili. Kila mwaka unalipa ada ya uanachama, na usipolipa huruhusiwi kufanya kazi kwa jina la shirika. Kabla hujasaini mafunzo ya "bure" ya kubadilishana na kazi, yapate kwa maandishi: miezi mingapi, mbizi ngapi za mafunzo, nani analipa ada ya shirika na vitabu, na nani anakulipia ukiugua. Kijana anabeba mitungi msimu mzima, na cheti kinasubiri ada ambayo hakuna aliyemwambia.

Na jifunze kompresa, mashine ya kujazia mitungi hewa, mapema. Shirika lolote halitakufundisha vya kutosha, na kituo kinakupenda ukiijua. Mdomo wa kuvutia hewa uwe juu na upande unakotoka upepo, mbali na moshi wa injini. Kaskazi ikigeuka kuwa kusi, moshi uliokuwa unakwenda baharini unarudi kwenye kompresa. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumulia, EN 12021, kinaruhusu kaboni monoksaidi sehemu 5 tu katika milioni. Haina harufu, na chini ya maji shinikizo linaizidishia nguvu. Harufu ya mafuta inakuambia chujio limechoka; kukosekana kwa harufu hakukuambii kitu. Kila chujio lina saa zake, ziandikwe ukutani.

Ziwa_Kigoma:

Samahani kuingilia kati. Kadi hizi zinafanya kazi huku Ziwa Tanganyika? Tunataka kuzamia kuangalia samaki wanaoishi kwenye mawe, na wapo watu wanaosema ziwa ni kama bahari tu.

Nahodha_wa_Kusi:

Kadi inafanya kazi, ila mafunzo yake ni ya usawa wa bahari, na ziwa lenu liko mita 773 hivi juu yake. Kuanzia mita 300 inahesabiwa mbizi ya mwinuko, na PADI, SSI na wengine wana kozi yake. Sababu ni hii: hewa ya juu ya maji hapo ina karibu bar 0.92, siyo bar moja, kwa hiyo mwili ukitoka majini unashuka kwenye shinikizo dogo zaidi na naitrojeni inapata nafasi ya kutengeneza mapovu. Mita 18 za hapo, ukishatoa pia wepesi wa maji yasiyo na chumvi, zihesabu kama zaidi ya mita 19 za baharini. Angalia kompyuta yako kama inajirekebisha yenyewe au inataka uiwekee mwinuko na maji yasiyo na chumvi. Ukitoka pwani siku hiyo hiyo, subiri saa 6 kabla ya mbizi ya kwanza. Risasi punguza: kwa mtu ambaye yeye na vifaa vyake ni kilo 100, ni kilo 2 na nusu hivi. Na kabla ya yote waulizeni wavuvi wa hapo kuhusu mamba na viboko, kila siku, maana wanahama.

Mwambao, hili linakuhusu na wewe uliye Tanga, kwa upande wa kurudi. Watu wanakumbuka kutopanda ndege baada ya kuzamia na kusahau barabara. Miongozo ya DAN, mtandao wa usalama wa wazamiaji, inasema subiri saa 12 baada ya mbizi moja isiyo na kusimama kwa lazima (kutulia njiani wakati wa kupanda ili naitrojeni itoke mwilini), saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku mfululizo, na zaidi ya hapo ukiwa umesimama kwa lazima. Inahusu mwinuko wowote unaozidi mita 600. Lushoto ni karibu mita 1,400. Nairobi ni karibu 1,800, na treni ya kutoka Mombasa ikifika Mtito Andei imeshavuka ile 600. Mgeni aliyezamia asubuhi Diani na kupanda treni ya jioni amevunja mwongozo bila kugusa uwanja wa ndege. Wanaotaka Kilimanjaro na bahari katika safari moja, wapande mlima kwanza.

Siku unayokwenda kutazama somo, omba pia uonyeshwe oksijeni ya mashua. Mtungi ufunguliwe mbele yako, geji isome, barakoa iwepo, na mtu akutajie simu ya chumba cha shinikizo, kinakotibiwa wagonjwa wa mbizi, cha karibu na njia ya kumfikisha mgonjwa huko. Mtu mwenye ganzi, maumivu ya viungo au kizunguzungu baada ya mbizi analazwa chali, anapewa oksijeni asilimia 100, anakunywa maji kama ana fahamu, na harudishwi majini.

Mwambao_Tanga:

Hiyo ya Lushoto ilikuwa itanipata, nilipanga kupitia huko. Naandika yote. Bi Kisite, swali moja la mwisho: kama nina mafua siku ya kozi?

Bi_Kisite:

Ahirisha, mdogo wangu. Ukishuka, masikio unayasawazisha kuanzia mita ya kwanza, kabla hayajauma, na kila nusu mita baada ya hapo. Njia ikiwa imevimba hewa haipiti, na ukilazimisha unaweza kutoboa ngoma ya sikio. Dawa ya kufungua pua nayo inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, hewa ikakwama wakati wa kupanda. Fomu ya afya utakayopewa mwanzoni ijaze kwa ukweli: pumu, moyo, kifafa, upasuaji wa masikio. Ukijibu "ndiyo" penye swali linalodai daktari, unakwenda na fomu kwa daktari, anakuchunguza na kuisaini, kisha unaendelea. Na kubalianeni kabla ya malipo kwamba ukiugua kozi inasogezwa bila kulipa upya.